Mke Tuliyemrudisha

Viti nilivipanga mimi mwenyewe. Ilikuwa sebule ya mkulima mmoja wa majani chai, juu ya kilima upande wa Masimba, na nilifika saa nzima kabla ya wenzangu ili nipate nafasi ya kufikiri. Upande wa dirisha niliweka viti vya familia ya mume. Upande wa mlango wa nje niliweka vya familia ya mke. Meza ilikaa katikati, na nyuma yake kiti cha mwenyekiti na changu. Kiti cha mke nilikiweka mbele ya meza, mahali ambapo kila mtu angemwona na kumsikia bila kuinua shingo. Nilikaa kwenye kila kiti kwa zamu, nikatazama chumba kutoka hapo. Niliridhika.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani mjini Keroka. Shule niliiacha kidato cha pili, na niliyoyajua baada ya hapo niliyasoma peke yangu, mengi kutoka vitabu vilivyokwisha kutumika na wengine: Katiba, sheria ya ndoa, sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili nyumbani. Nilisoma na penseli mkononi. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, wazee wa eneo letu waliniomba niwe katibu wao kila mara naibu wa chifu alipowarudishia ugomvi wa nyumba ili wausuluhishe. Wao walizungumza Ekegusii. Mimi niliandika kwa Kiswahili, ili karatasi isomwe na afisa yeyote bila kutafutiwa mkalimani.

Kabla yangu, kikao cha mke na mume kilianzia jikoni. Wanawake wakongwe wawili au watatu waliingia humo na mke, wakafunga mlango. Wanaume walikaa nje wakizungumzia mvua na mifugo. Baada ya muda kikongwe mmoja alitoka, akamwendea mwenyekiti na kumwambia jambo moja tu: anarudi, au harudi. Hakutoa sababu, wala hakuna aliyemuuliza. Yaliyosemwa sebuleni baadaye yalikuwa ya kuwafikisha watu hapo kwa heshima.

Utaratibu huo ulinikera. Nilikuwa nimesoma kwamba anayelaumiwa ana haki ya kusikia lawama kutoka kinywani mwa anayemlaumu, na kwamba uamuzi usio na sababu si uamuzi. Niliwaeleza wazee hivyo, nikiwa na kitabu mkononi. Nikawauliza, "Mtu akienda kortini akasema alihukumiwa na moshi wa jikoni, tutajibu nini?" Walicheka, lakini neno korti liliwatisha. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akasema, "Katibu amesoma. Tufuate kitabu." Tangu siku hiyo jikoni palipikwa tu. Kila jambo lilisemwa sebuleni mbele ya wote, nami nikaliandika. Nilitunga maswali saba ambayo kila mke aliulizwa kwa mpangilio mmoja. La mwisho lilikuwa: Una la kuongeza? Hilo nililipenda kuliko mengine. Niliona linamwachia mtu mlango wazi.

Mke wa siku ile alikuwa na miaka ishirini na kitu, na watoto watatu. Alikuwa ametoroka kwa mumewe na kukaa mwezi mmoja kwa wazazi wake, Sironga. Tulichotakiwa kuamua kilikuwa kimoja: arudi kwa mumewe au abaki kwao.

Walikuja na baba yake, Msabato mtaratibu aliyebeba mwavuli ingawa jua lilikuwa kali, na shangazi yake, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. Upande wa dirisha aliketi baba mkwe, mwenye nyumba ile, mzee wa kanisa, kofia yake juu ya goti. Kando yake mume, shati limepigwa pasi, na kaka wa mume, dereva wa lori, ambaye hakuweza kukaa dakika tano bila kuchekesha watu.

"Katibu, mbona umetupanga kama watahiniwa?" dereva alisema. "Unaogopa tutaangaliziana?"

"Wewe hata ukiangalizia utaanguka," shangazi akamjibu.

Watu walicheka, na mwenyekiti akaomba sala. Mke alikaa kwenye kiti nilichomwekea, lakini hakukaa akikielekea chumba. Alikaa upande, paja moja likining'inia nje ya kiti, uso wake ukielekea ukuta, leso imefunika kichwa mpaka kwenye paji. Nilimwomba ageuke ili asikike. Aligeuka kidogo, kisha akarudi vilevile.

Nilianza maswali.

"Mumeo amewahi kukupiga?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Sijui."

"Alikupiga kwa kitu gani?"

Baba mkwe alikohoa na kuigeuza kofia yake juu ya goti.

"Mkono," mke alisema.

"Uliumia?"

"Kidogo."

Mume aliomba ruhusa, akasimama. "Wazee, mimi sikatai. Nilimpiga kofi. Ilikuwa hasira. Nimetubu hata kanisani, watu wameniona."

"Kofi moja, mwezi mzima Sironga!" dereva akasema. "Mimi wangu nikimpiga mawili si atahamia Mombasa?"

"Wako hajahama kwa sababu humwachi na nauli," shangazi akasema, na safari hii hata baba mkwe alitabasamu.

Nilifika swali la saba. "Una la kuongeza?"

Nilikuwa na desturi ya kumngojea mtu kwa pumzi kumi, na nilizihesabu. Kwenye pumzi ya nne aliinua kichwa akatazama mlango wa jikoni, uliokuwa wazi. Hapo alisimama mama yake baba mkwe, nyanya yake mume, bibi aliyepinda mgongo, mikono ina manyoya ya kuku. Kisha mke akainamisha kichwa.

"Sina," alisema.

Niliandika: Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alijibu kwamba hana.

"Katibu," bibi akaniita kutoka mlangoni.

"Naam, magokoro." Hivyo ndivyo sisi humwita nyanya, au mwanamke yeyote mkongwe.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Umeandika nini?"

"Alichosema."

Mwenyekiti akaingilia kwa upole. "Magokoro, kikao kina utaratibu wake."

"Naona," bibi alisema. "Ni utaratibu mzuri. Hata viti vimenyooka." Akarudi kwa kuku wake.

Tuliamua mke arudi. Mume alionywa, akaahidi, na karatasi ikatiwa sahihi na pande zote mbili, mke akiwa wa mwisho. Kisha tulikula. Mke mwenyewe ndiye aliyezunguka na birika na beseni kutunawisha mikono, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa tayari alikuwa amekuwa tena mke wa boma lile. Baba yake alipoondoka alimpa mkono, akamwambia asali sana.

Wiki saba baadaye mwanamke wa kutoka kilima kile aliniletea cherehani iliyokuwa ikikata uzi. Nilipokuwa nikifungua sahani ya chuma iliyo chini ya sindano, akasema, "Yule mliyemrudisha yuko hospitali Kisii. Hawezi kusema. Taya limefungwa kwa waya." Aliniuliza kama cherehani yake ingekuwa tayari kabla ya Sabato. Nilimwambia itakuwa tayari.

Kesho yake nilifunga kibanda na kwenda. Nje ya wadi ya wanawake, kwenye benchi, alikuwa amekaa yule bibi na chupa ya uji miguuni.

"Umekuja kuandika?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi kaa."

Nilikaa. Aliniambia kwamba taya lingepona, lakini jicho la kushoto halikuokolewa. Mume alikuwa mikononi mwa polisi, kwa sababu safari hii majirani walivunja mlango na kumshika. Aliyasema haya kama mtu anayetaja hali ya shamba. Kisha akaniuliza, "Siku ya kikao, hukuona alivyokaa?"

"Nilimwona amekaa upande. Nilidhani anaona haya."

"Alikuwa anaona haya. Lakini pia hakuweza kukaa. Kidonda kimoja kilikuwa hakijafunga."

"Kidonda cha nini?"

Bibi alitazama huku na huku. "Panga," alisema. "Aliliweka motoni kwanza." Akasogeza chupa ya uji kwa mguu. "Mahali sitakutajia. Wewe ni rika la mwanangu."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Sisi Wagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni haya iliyowekwa kati ya vizazi viwili vinavyofuatana: baba na mwanawe, mama na mwanawe, zaidi ya wote baba mkwe na mke wa mwanawe. Kati yao mwili hautajwi. Baba mkwe haingii katika nyumba ya mwanawe, na mke wa mwanawe hawezi kutamka mbele yake neno la chumba cha kulala au la kiungo kilichofichwa na nguo, hata akiwa anaumwa. Lakini kizazi kikirukwa, haya hiyo huondoka. Nyanya na mjukuu, nyanya na mke wa mjukuu, huambiana yote, na kwa maneno yenyewe. Mke yule alikuwa amemwambia bibi huyu kila kitu, tangu usiku wa kwanza.

Hili halikuwa jambo nililohitaji kufundishwa. Nimekulia ndani yake. Mama yangu aliugua ugonjwa wa wanawake miaka miwili, na mimi mwanawe nilijua tu kwamba anaumwa. Niliijua chinsoni, lakini nilipokuwa nikipanga viti haikunijia akilini, kwa sababu kitabu changu hakikuitaja. Nilimkalisha yule mwanamke katikati ya baba yake na baba mkwe wake, nikamuuliza ameumizwaje, nikahesabu pumzi kumi.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza bibi. Najua sasa kwamba lilikuwa swali la mtu anayetafuta wa kugawana naye lawama.

"Nimwambie nani? Mwenyekiti ndiye hututuma tuingie jikoni na mke, na ndiye tunampa jibu. Nilingoja anitume. Niliacha mlango wazi." Aliinua chupa ya uji, akaitikisa kuona imebaki kiasi gani. "Ulitaka niingie sebuleni nimtajie mwanangu vidonda vya mkaza mwanawe, na baba yake mke yuko hapo anasikiliza?"

Sikuingia wadini. Sikuwa ndugu, na muuguzi aliponiuliza mimi ni nani kwake, niliaga nikaondoka.

Mwezi uliofuata baba mkwe na yule dereva walifika kibandani kwangu. Mzee alivua kofia. Walitaka kikao cha pili, kwao mke, ili mambo yamalizwe nyumbani na kesi iondolewe. Mke alikuwa ametoka hospitali na kurudi Sironga. Mume angeachiliwa, wangemsema, na mke angerudi kwa watoto wake, waliobaki kilimani. Baba yake mke alikuwa ameshakubali. Alisema watoto hawawezi kulelewa na mtu aliye rumande na mtu aliye Sironga.

"Na tuna karatasi yako," dereva akasema. Siku hiyo hakuchekesha. "Imeandikwa vizuri kabisa. Aliulizwa, akasema kofi, akasema hana la kuongeza. Nani atamwamini akianza mengine?"

Nilijua wanasema kweli. Karatasi ile ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ingemrudisha mara ya pili.

Niliwaambia nitakuja kuandika kwa sharti moja: wanawake waingie jikoni naye kwanza, na bibi awe mmoja wao.

Mzee aliigeuza kofia yake mikononi. "Si wewe uliyekataza hayo?"

"Ni mimi."

"Ukatuambia ni moshi."

"Nilisema hivyo, mzee."

"Sasa moshi umekuwa sheria?" dereva aliuliza. Mzee alimgusa mkono anyamaze. Alikubali, nadhani kwa sababu bibi ni mama yake, na hakufikiri mama yake angeweza kumfungisha mjukuu.

Kikao kilikuwa asubuhi, Sironga, katika nyumba ya baba yake mke. Sikupanga kiti chochote. Bibi alifika kwa bodaboda akiwa amefungwa kwa leso kwenye mgongo wa mwenye pikipiki, kama mtoto, akashuka na kuingia jikoni moja kwa moja. Shangazi na mke walimfuata. Mlango ukafungwa. Sisi wanaume tulikaa uani. Mwenyekiti alizungumza juu ya mvua iliyochelewa, na baba mkwe akasema majani chai yamekuwa magumu. Kutoka jikoni hatukusikia neno. Mara moja tu tulisikia sauti ya shangazi, mwenye ulimi mwepesi, akilia.

Bibi alipotoka alitembea polepole mpaka kwa mwenyekiti.

"Harudi," alisema. "Na kesi haiondolewi."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Nilifungua daftari na kuandika maneno hayo.

"Kwa sababu gani?" baba mkwe akauliza. Alisimama. "Kikao kinatoa sababu. Katibu huyu ndiye aliyetufundisha. Andika sababu, katibu. Au leo hazihitajiki?"

Bibi ndiye aliyemgeukia.

"Nikutajie?" alimwambia mwanawe. "Umesimama hapo, mkweo amekaa pale, na mimi mama yako. Nitaje?"

Nilimwona mzee akielewa. Hakuelewa ni nini hasa, ila alielewa ni jambo la aina gani, na kwamba mama yake alikuwa tayari kulitamka. Alitazama chini. Baba yake mke alifunika uso kwa kiganja na kubaki hivyo.

"Basi watoto ni wetu," mzee alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, akavaa kofia. "Ng'ombe walitoka kwetu. Watoto wanabaki." Wakaondoka. Bibi aliondoka nao, kwa kuwa hapo ndipo kwake, na yeye ndiye anayewapikia wale watoto.

Nilibaki nikifunga daftari. Mke alikuja akasimama karibu na meza, akiwa amenigeuzia upande wa kulia wa uso ili anione. Alizungumza taratibu, taya lake bado likiwa gumu.

"Siku ile uliniuliza kama nina la kuongeza. Ulitaka nikujibu nini?"

"Nilitaka useme ukweli."

"Baba akisikia?"

"Ndiyo."

"Na baba mkwe?"

"Nilikosea," nilisema.

Sikumpa nafasi ya kulijibu hilo, kwa sababu nilianza haraka kumweleza sheria, jambo ninalolifanya nikizidiwa. Nilimwambia watoto wanaweza kudaiwa kortini, kwamba ng'ombe hawaamui mambo hayo tena. Nilimwambia pia kwamba yote hayo yangekuwa rahisi zaidi kama kesi ya mumewe ingesikizwa kikamilifu, naye aseme yaliyotokea, yote, pamoja na ya kabla ya kikao cha kwanza.

"Niseme mbele ya watu?"

"Mwendesha mashtaka anaweza kuomba korti ifungwe. Wanabaki wachache tu wa kazi."

"Baba atatoka?"

"Atatoka."

"Na baba mkwe?"

"Naye."

Aliniangalia kwa lile jicho moja. "Na wewe?"

"Na mimi nitatoka."

Mahali fulani nyuma ya nyumba shangazi yake alikuwa anapuliza moto. "Basi niandikie hilo ombi," alisema.

Niliandika barua siku hiyohiyo, ukurasa mmoja, nikampelekea mwendesha mashtaka kwa mkono wangu. Sikuandika ndani yake lile nililoambiwa na bibi, kwa sababu halikuwa langu kulisema. Nilieleza tu nani ni nani kwa nani, na kwa nini mtu wa kwetu hawezi kuulizwa jambo hilo wakiwemo hao.

Siku ya ushahidi wake hakimu alikubali. Karani alisimama akatutaja kwa majina, akatuonyesha mlango, na mlango ukafungwa nyuma yetu. Baba mkwe na mwanawe dereva walikwenda kusimama karibu na lango. Mimi na baba yake mke tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Watoto walikuwa bado kilimani, na huko ndiko waliko hata sasa ninapoandika haya. Kesi yao inaahirishwa, na mama yao hajalala nao chini ya paa moja tangu majirani walipovunja mlango.

Saa ilipita, kisha nyingine. Kutoka ndani tulisikia kiti kikisogezwa, na sauti ya mwanamke, ya hakimu au ya mke mwenyewe, hatukuweza kujua.

"Wanamuuliza nini muda huu wote?" baba yake alisema.

"Sijui, mzee."

"Wewe ndiye unayejua mambo ya korti."

"Hayo siyajui."

Aliweka mikono juu ya magoti yake na kuitazama. "Ni mengi, basi," alisema. "Kama yanachukua muda hivi, ni mengi." Sikumwangalia tena. Karani alitoka kuchukua maji ya kunywa, akajaza glasi moja, akarudi ndani na kufunga mlango kwa mguu.